Kinyozi Anayeufundisha Mkono Wake Kusahau

Chwa. Chwa. Taa haijawashwa bado, na sauti inatoka nyuma ya mlango wa jikoni: wembe unapita juu ya ukanda wa ngozi uliofungwa kwenye komeo. Unakwenda, unageuka, unarudi.

Anayenoa hahitaji mwanga. Ni kinyozi, wateja wanamwita Taratibu, na wembe wake wa kukunja anaujua kama ulimi unavyoyajua meno. Mkewe hata hageuki kitandani.

"Siku kukiwa kimya ndipo nitashtuka," anasema mama huyo. "Nitajua kuna jambo."

Jambo lenyewe lipo tayari. Liko kwenye mkono wa kushoto wa mumewe.

Saa mbili asubuhi Taratibu yuko dukani, chumba cha kiti kimoja, kioo chenye ufa na beseni la plastiki. Anampaka povu dereva wa lori aliyeingia akipiga miayo. Wembe unashuka kutoka sikioni hadi tayani, unabeba povu lililochanganyika na vinyweleo. Hapo mkono wa kulia unaondoka wenyewe kuelekea mkono wa kushoto. Unasita hewani. Kisha, kama mtu aliyekumbushwa adabu, unageukia kitaulo kinachoning'inia ubavuni mwa kiti.

"Leo una nini, Fundi?" dereva anauliza kwa mdomo uliobanwa. "Mbona unanyoa kama mtu aliyepotea njia?"

"Tulia wewe. Ukiendelea kuongea nitanyoa ulimi."

Dereva anacheka kwa pua tu. Taratibu hacheki. Uso wake una uchovu wa mtu anayefanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kunyoa, na kujizuia.

Tangu ajifunze kazi kwa mjomba wake akiwa kijana, amekuwa akifuta povu kwenye mkono wake mwenyewe, pale chini ya kidole gumba. Wapo wanaofuta kwenye karatasi. Wengine wanafuta kwenye taulo begani kwa mteja. Mjomba aliwacheka wote.

"Alikuwa akisema kitambaa hakina habari," anasimulia huku akisuuza brashi. "Mkononi unasikia kila kitu. Vinyweleo vikikukwaruza, wembe unakata. Ukisikia ulaini mtupu, ujue unampapasa tu mteja wa watu, rudi kwenye ukanda."

Sasa mkono huo hausikii tena. Kisukari kilianzia kwenye vidole vya miguu, kikapanda kimyakimya. Mkono wa kulia bado unamtii. Wa kushoto umekufa ganzi.

Alilijua hilo alasiri moja, akimnyoa mwalimu mstaafu. Mwalimu alifumbua macho, akaona kwenye kioo povu jekundu. Akaruka kutoka kitini, taulo shingoni.

"Amenichinja!" alipiga kelele. "Jamani, nakufa huku mnaniangalia!"

Waliokuwa nje wakaingia mbio. Wakampapasa shingo, kidevu, mpaka nyuma ya masikio. Hakuna hata mkwaruzo. Damu ilikuwa inatiririka kwenye mkono wa kushoto wa kinyozi, pale anapofutia wembe, naye mwenyewe alikuwa ameinama kwenye droo, anatafuta shabu ya kukaushia damu ya mteja.

"Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikacheka nao," anasema. "Kisha nikaenda uani peke yangu. Nikaubana ule mkono, nikaung'ata. Hakuna kitu. Ni kama nimeng'ata mkono wa jirani."

Kidonda kile kilichukua wiki nyingi kupona. Daktari wa kliniki hakumzungusha: kingine kikioza, mkono unaweza kukatwa. Afute povu mahali pengine, au aachane na wembe.

Mashine ya umeme anayo, iko kwenye rafu, anaitumia kwa nywele. Anaitazama bila hamu.

"Mashine iko kila kona. Kwangu wanafuata wembe. Nikiuweka chini, nitabaki kuwa mtu mwenye kiti tu." Anakausha brashi. "Nilidhani ni suala la kuamua, basi. Kumbe mkono nao una kichwa chake."

Ndiyo maana, akiwa na miaka hamsini na minne, amerudi kuwa mwanafunzi. Jua likianza kushuka, nyumbani kwake hupulizwa puto, hupakwa povu, naye hulinyoa taratibu bila kulipasua. Mkewe hukaa mbele yake na mwiko wa jikoni. Mkono wa kulia ukielekea kushoto, anagonga meza.

"Huko mwiko!" anasema, akiuinua mwiko wenyewe.

"Mwalimu wangu huyu mkali kuliko mjomba," mume anajibu.

"Mjomba wako ndiye aliyetuharibia mwanafunzi."

Wanacheka, lakini kicheko hakidumu. Siku ya kliniki inakaribia, na daktari ataukagua mkono kabla ya kusema lolote.

Jioni hii Taratibu amerudi miguu mizito. Anavua viatu, anaegemea ukuta karibu na dirisha, na kwa mara ya kwanza leo sauti yake ina uhai.

"Kutwa nzima sijafutia mkononi hata mara moja," anamwambia mkewe. "Wote nimewafutia kwenye kitaulo. Nikimaliza wiki hivi, daktari ataniachia wembe wangu. Sina mpango mkubwa, mama. Nataka nizeeke nikinyoa, basi."

Mkewe anaitikia kwa kichwa, anamwita kitindamimba wao, binti wa darasa la kwanza. Kazi yake ni kukagua mkono wa baba kila siku, kwa kuwa baba hasikii maumivu na macho ya mtoto ni makali. Binti anapiga magoti, anauvuta mkono kwenye mwanga wa dirisha, anatenganisha vidole kimoja kimoja. Anaugeuza. Anafika kwenye kidole gumba, anainamisha uso karibu.

"Baba, hapa pana povu."