Mwezi Kwenye Waya wa Nguo

Ngamiani, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, kuna waya wa kuanikia nguo ambao ulikuwa haujapata kubeba suruali. Khanga, ndiyo. Foronya, ndiyo. Kanzu, kwa ruhusa maalumu. Lakini suruali, hata iwe ya mtoto mchanga, Bi Wanu mwenye waya alikuwa haitaki, na ukimuuliza sababu alikujibu kama anayekueleza kwamba moto unaunguza:

"Suruali inamnyamazisha Mturuki."

Waya wenyewe ni wa shaba. Unatoka dirishani kwake, unavuka ua wote na kufungwa kwenye nguzo ya choo. Kule dirishani ncha yake imeingia ndani na kuzungushwa kwenye redio ya masafa mafupi, redio nene iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli isije ikafumuka. Bi Wanu ni mjane, mzaliwa wa Pemba aliyeletwa Tanga akiwa bi harusi. Anaishi kwa kuoka vileja na mikate ya kumimina. Huku unga ukiumuka, yeye yuko dirishani anapekua dunia kwa kidole gumba.

Lugha za watangazaji wake hazijui. Watu wenyewe anawajua. Mturuki ana sauti ya mtu aliyeshiba. Kuna Mchina anayeanza na wimbo mtamu halafu anagomba. Kuna mwanamke wa mahali fulani kwenye baridi ambaye, kwa maoni ya Bi Wanu, ana mafua yasiyopona, na kila akikohoa Bi Wanu humwambia, "Tangawizi, mwanangu." Wakisalimia huwaitikia. Majirani husema ana ndugu wengi ndani ya redio kuliko Pemba.

Siku yake kubwa ni ile jioni ya kuamkia Idi. Jioni hiyo anapitisha sindano toka mwanzo hadi mwisho, na kila stesheni ni takbira. Anasikia Wajava, anasikia Wahausa, anasikia watu asiojua hata wako upande gani wa jua, wote wanasema neno moja. Bi Wanu hukaa analia kidogo, anacheka kidogo, vileja vinaungua kidogo. Mtaa umeshazoea kula vileja vya Idi vyenye kitako cheusi.

Tatizo la mtaa ule lilikuwa ni kuijua hiyo jioni yenyewe. Kulikuwa na watu wa mwezi wa popote, wanaofungua kwa habari ya mwezi ulioonekana nchi yoyote, na kulikuwa na watu wa mwezi wa hapahapa, wasiosadiki mwezi wasiofahamiana nao. Abdulghani, fundi cherehani, ni wa popote. Shadya mkewe ni wa hapahapa. Mwaka mmoja Abdulghani alisherehekea Idi peke yake nyumbani kwake, akala pilau aliyoipika mwenyewe, mkewe amekaa mbele yake na saumu yake, anamtazama kila tonge. Alisema baadaye kwamba hajapata kula chakula kirefu namna ile.

Halafu ukaja mwaka wa simu. Abdulghani aliletewa kwenye simu yake tangazo la mwezi kuandama, lina muhuri, lina saini. Takbira zikapigwa, na kulipokucha watu wakala mchana kweupe. Ilipofika adhuhuri mtu mmoja akasoma tarehe. Tangazo lilikuwa la mwaka uliopita. Mwezi ulikuwa wa kweli kabisa, ila ulishaandama na kuisha na mingine mingi ikafuata. Mtaa mzima ukalipa saumu ile. Tangu hapo Shekhe Fadhil, imamu wa msikiti wao mdogo, akasema simu isiguse tena mambo ya mwezi. Watasubiri neno la redio ya Bi Wanu, kwa sababu redio haiwezi kukurushia ya mwaka jana.

Bi Wanu alifurahi siku mbili. Siku ya tatu akaanza kuogopa. Zamani akikosea kusikia, aliyepotea alikuwa yeye na vileja vyake. Sasa akikosea, mtaa mzima utakula Ramadhani mchana, na kila tonge litahesabiwa shingoni mwake.

Basi mwaka huu jioni ya ishirini na tisa ilikuta wingu limelala juu ya mji upande wa magharibi kama godoro. Watu walitoka kuutafuta mwezi wakarudi na maumivu ya shingo tu. Bi Wanu alikwisha kufuturu na kuswali magharibi, akakaa dirishani na redio zake mbili. Ndiyo, mbili. Ya pili ni redio ya upepo, ile ya kusemezana vyombo baharini. Aliletewa na Kristofa, Mbondei wa Muheza anayepanga chumba cha uani na kuuza machungwa. Kristofa hupeleka machungwa kwenye hoteli moja Ushongo, akaikuta redio ile inatupwa pamoja na maboya mabovu. Nayo ikafungwa kwenye waya uleule, na tangu siku hiyo Bi Wanu akawa anajua nani kapata vibua na nani kapata miba. Kitufe cha kusemea hakupata kukigusa. "Kusikiliza ni adabu," alisema, "kudakia ni kiherehere."

Shadya akaingia na beseni la nguo mbichi.

"Bi Wanu, shikamoo. Naomba waya."

"Marahaba. Leo hapana."

"Kanzu tu, bibi, za Idi."

"Idi ya lini? Hiyo ndiyo ninayoitafuta hapa. Ukianika maji yote hayo nitapata habari ya mwezi au ya mvua? Na hiyo chini yake ni nini?"

Shadya akaifunika kwa kiganja. "Kitambaa."

"Kitambaa kina zipu?"

Kabla Shadya hajajibu, redio ya upepo ikakohoa. Sauti ya mwanamume ikatoka, nusu maneno na nusu mchanga: "...Mwezi ...meonekana! Narudia, Mwezi ...meonekana, alhamdulillahi!"

Abdulghani, aliyekuwa amejibanza ukutani akijifanya anafunga kiatu, hakungoja narudia ya pili. Alitoka mbio na kiatu kimoja. Punde kipaza sauti cha msikiti kikaguruma, "Allahu akbar, Allahu akbar," mtaa wa pili ukaitikia, watoto wakashika masufuria. Shadya akapiga kigelegele, kisha akakumbuka kwamba yeye ni wa hapahapa, akakikatiza katikati.

Bi Wanu hakusogea. Sikio lake lilikuwa limebaki redioni, nalo likaokota mkia wa maneno: "...mpeni pole nahodha..."

"Kristofa," aliita taratibu. "Mwezi una nahodha?"

Kristofa alikuwa uani anapanga machungwa. "Sijawahi kusikia, bibi. Lakini hata mimi kuna kitu kimenikwama. Nyie mmesikia umeonekana. Mimi nimesikia imeonekana."

"Imeonekana!" Shadya alicheka. "Nani aseme mwezi imeonekana?"

"Atasema kama Mwezi ni jina la chombo. Mashua imeonekana."

Bi Wanu akatega sikio. Nje takbira ilikuwa imeshafika mtaa wa tatu.

"Tulieni," alisema Shadya. "Hata kama kasema i, si hoja. Huenda ni mtu wa bara. Watu wa bara kwao kila kitu ni i. Hata mke imepika."

"Sisi hatusemi hivyo Muheza!"

"Muheza si bara?"

"Muheza ni bara tangu lini? Unaweza kwenda kwa baiskeli!"

"Kama huioni bahari ukiwa mlangoni kwako, ni bara."

Basi hapo wakakwama. Akiwa amesema u, ni mwezi. Akiwa amesema i, naye ni wa pwani, ni mashua. Akiwa amesema i, naye ni wa bara, inaweza kuwa chochote chini ya mbingu, mbingu yenyewe ikiwemo.

Shekhe Fadhil akaingia anahema. "Shikamoo Bi Wanu. Nimekuja kulisikia neno kwa masikio yangu."

"Marahaba, shekhe. Kwanza niambie: ni u au ni i?"

Wakamweleza, wote watatu kwa mpigo. Shekhe alisikiliza, akatafuta pa kukaa, akakaa ndani ya beseni la kanzu mbichi. Hakuinuka. Nadhani hakuona kama amelowa.

"Nimesoma nahau, sarufi ya Kiarabu, mpaka ndevu zikaota," alisema kwa huzuni. "Sikujua kama Idi itakuja kuning'inia kwenye irabu ya Kiswahili. Bi Wanu, muulize."

"Nimuulize nani?"

"Huyo aliyesema. Si hapo pana kitufe?"

Bi Wanu akakitazama kile kitufe. Miaka yote hiyo amewaitikia Waturuki na Wachina kwa raha zake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimsikia. Akaufunga mtandio wake vizuri, maana anakwenda kusema na wanaume asiowajua, akasafisha koo, akabonyeza.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi huko baharini."

Mchanga, mchanga, kisha: "Nani huyo anapiga hodi?"

"Mie Bi Wanu, wa Ngamiani."

"Mama, hii ni njia ya vyombo. Hapa ni Subira, nahodha Mjaka. Chombo chako kinaitwaje?"

Bi Wanu alitazama huku na huku kwa fadhaa. Macho yake yakamwangukia shekhe.

"Beseni," alisema.

"Vyema. Beseni, hapa Subira, nakusikia."

"Baba, huo mwezi mliouona, ni wa mbinguni au wa baharini?"

"Beseni, rudia."

"Ni wa mbinguni, au una nahodha?"

"Aaa! Mwezi ni mashua, mama, ya watu wa Kigombe. Mashine yao ilikufa alasiri, ikawabwaga juu ya fungu la mchanga, maji yakaanza kutoka. Tumeitafuta weee. Ndipo nikasema imeonekana. I. Imeonekana."

"I!" Kristofa aliruka juu, mikono hewani, kama aliyefunga goli, akaziona nyuso za wenzake, akashuka polepole.

Bi Wanu aliiweka redio chini. Alisikia mtaa ukishangilia mashua. Kesho asubuhi watakula wote, wameoga, wamejipaka mafuta mazuri, na siku itakuwa ya Ramadhani.

"Shekhe," alisema, "nenda kanyamazishe. Waambie redio haikukosea, aliyekosea ni sikio langu. Na mwakani wasiningoje mie, wangoje mwingine."

Shekhe Fadhil akainuka na kanzu mbili zimemganda nyuma. Alikuwa ameshafika mlangoni redio ilipoita.

"Beseni, Beseni, hapa Subira. Kumbe ulikuwa unauliza mwezi wa juu?"

"Ndiyo, baba, lakini basi."

"Basi ya nini, na wenyewe upo? Wenzetu wa Mwezi hawana kazi, wamekaa mchangani tangu alasiri wanatazama minazi ya ng'ambo. Huku hakuna wingu. Wao ndio waliouona mwanzo, kisha nami wakanionyesha, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Mwezi imeuona mwezi, mama."



"Baba yangu," alisema Bi Wanu, "hilo neno lirudie. Pole pole."

"Mwezi i-me-u-ona mwezi."

Shadya akashusha pumzi ndefu. "Huyo ni mtu wa pwani," alisema. "Huo mwezi nausadiki."

Shekhe alirudi upesi, akaipokea redio kwa mikono miwili. Akauliza walikuwa wangapi, ulikuwa upande gani, pembe zake zimeelekea wapi. Akajibiwa vizuri. "Ni Waislamu?"

"Wanne, shekhe, na mmoja ni mwadhini wa kwao."

"Wana akili timamu?"

Kikapita kicheko juu ya maji. "Nahodha wao anasema, shekhe, wangekuwa nazo wangekwama kwenye fungu ambalo hata babu yake alikuwa akilikwepa usingizini?"

"Hiyo inatosha," alisema Shekhe Fadhil. Akaomba namba zao, akampigia simu Mjaka na wale mashahidi, kila mmoja kwa sauti yake, akaipeleka habari kwa wakubwa wake, na simu mara hii ikaruhusiwa kwa dharura. Wakubwa walikuwa wameshapata mashahidi wengine kutoka Pemba, jambo ambalo Bi Wanu alilipokea kwa kidevu kilichoinuka, kana kwamba alikuwa amewatuma. Ilipoadhiniwa isha, ilikuwa imekwisha thibiti.

Msikitini hakuna aliyenyamazishwa, kwa sababu shekhe hakupata kufika. Walikuwa wameendelea tu kupiga takbira, na hata leo wengi hawajui kwamba nusu ya kwanza ilikuwa ya mashua. Abdulghani alirudi kutafuta kiatu chake akamkuta mkewe analia.

"Nini tena?"

"Kesho tunakula siku moja," alisema Shadya.

"Alaa! Sasa nani atanitazama?"

Bi Wanu alipeleka mkono kwenye redio ya masafa mafupi. Hii ndiyo ilikuwa jioni yake, Wajava na Wahausa walikuwa wanamngoja humo ndani. Ila macho yake yakaenda kwenye beseni: kanzu za watu zimekaliwa na imamu, zimekunjana kama shingo ya kobe, na Idi ni kesho.

"Shadya, anika."

"Zote?"

"Na hicho kitambaa chako chenye zipu."

Waya ukajaa toka dirishani hadi chooni. Suruali ya kwanza ilipotundikwa, Mturuki akakatika katikati ya neno. Ikapanda ya pili, dunia nzima ikawa mvumo tu, kama kaango la mbali. Bi Wanu akausikiliza mvumo ule, kichwa upande, kisha akaenda kuviepua vileja, na kwa mara ya kwanza havikuungua.

Redio ya upepo ndiyo iliyomrudisha dirishani. Haikujali suruali, kwa kuwa vyombo vyake haviko mbali kama Uturuki.

"Beseni, Beseni, hapa Subira. Mwezi imeelea. Idi njema."

"Beseni, Idi njema, hapa Mwezi," ikaja sauti nyingine, imekauka kwa chumvi. Kisha ikaja ya tatu, ya chombo asichokijua, na ya nne, kila moja inatoa Idi kwa Beseni, na mmoja, aliyechelewa kuingia kwenye mazungumzo, akauliza kwa heshima zote: "Beseni, mnavua wapi?"

Bi Wanu alitazama nje, zile kanzu na suruali zinavyopepea gizani. Akabonyeza kitufe.

"Leo hatuvui, baba," alisema. "Leo tunaanika."