Dokta amenitangulia kwa mots croisés ya bibi yangu

Wabwana wa Goma, leo nimechukia mutu mwenye alinitibu malaria!

Kila dimanche, kisha kutoka kanisa, bibi yangu Furaha, mama ya mutoto wetu Neema, anatunga mots croisés, ile mafumbo ya kujaza herufi kwa vyumba, mimi najaza majibu. Ni mambo yetu wawili.

Leo jirani wetu hapa Keshero, dokta Olivier, kijana wa viatu safi hata ndani ya hii vumbi yetu, akakuja kushariji telefone.

Furaha akasoma: "Anakuona uchi, na bwana yako anamwambia aksanti. Herufi munane."

Mimi ningali nahesabu kwa vidole, dokta akaruka: "Munganga!"

Wakacheka mpaka Furaha akamupiga kwa bega.

Kwa bega, ndugu zangu!

Mimi sikuambia mutu aksanti.

Furaha akasoma ingine: "Ugonjwa wenye munganga hana dawa yake. Herufi ine."

Dokta akainamia viatu vyake safi.

Jibu nililijua palepale. Lakini nikasema: "Homa."

Furaha akaweka mukono kwa paji la uso wangu, pole pole.

"Papa Neema, hauna homa hata kidogo. Andika wivu."

Nikaandika. Dokta akachomoa telefone yake, haijajaa hata nusu, akaaga.

Wenye bibi, museme ukweli: nyinyi mungecheka?