Madam Jaliah na Molekuli Zilizokataa Kufa

Jaliah Nabirye alifundisha hesabu mjini Jinja kwa miaka ishirini na saba. Alipostaafu alirudi nyumbani kwake Bugembe akidhani kazi ya kichwa imekwisha. Alipanda mboga, akaswali kwa wakati, akachoshwa na utulivu kabla mwezi haujaisha.

Ndipo Masaba akampigia simu. Zamani alikuwa mwanafunzi wake. Sasa ni mhadhiri wa kemia huko Mbale.

"Madam, kuna hesabu imenishinda. Njoo unitazamie."

"Hesabu ya nini?"

"Ya jinsi uhai ulivyoanza."

Jaliah alicheka peke yake kibarazani. Kesho yake asubuhi alikuwa Mbale, miwani mkononi.

Masaba alimweleza. Hakuna ajuaye kwa hakika uhai ulianzaje, lakini wapo wanaodhani kwamba kabla ya kiumbe chochote palikuwa na molekuli zilizoweza kujinakili. Yeye alikuwa ameziigiza ndani ya kompyuta: minyororo iliyoundwa kwa herufi za aina nne, maelfu kwa maelfu, ikigongana na kunakiliana. Mirefu ndiyo iliyojua kazi ya kunakili. Lakini nakala zilipokosewa, ilizaliwa minyororo mifupi, mivivu, iliyonakiliwa upesi bila yenyewe kunakili mingine yoyote. Mifupi ikajaa, mirefu ikaisha, kila kitu kikasimama.

"Nimejaribu mara sitini na tatu," alisema Masaba. "Mara zote imekufa."

Kwa siku mbili Jaliah alisoma programu ile mstari kwa mstari, akilala kwa dada yake Habibah kule Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Kosa hakuliona. Siku ya tatu, saa tano asubuhi, aliweka kalamu chini.

"Masaba, hii minyororo yako iko wapi?"

"Majini."

"Maji mamoja? Kila mmoja unaweza kukutana na mwingine wowote?"

"Ndiyo, Madam."

"Basi umewaweka watahiniwa wote katika ukumbi mmoja!" Alikwisha simama. "Wanaoibia majibu wakikaa na kila mtu, wataibia kila mtu. Wagawe vyumba vidogo vidogo! Chumba cha waibiaji watupu hakina wa kuibiwa, kinafeli chote. Chumba chenye wachapakazi kinafaulu."

Masaba alimkodolea macho, kisha akavuta kiti.

Waliyagawa maji yale kuwa vidimbwi elfu nne. Kidimbwi kilichozalisha nakala nyingi kingefurika na kumwagikia jirani. Kilichotawaliwa na mivivu kingedumaa mpaka kifunikwe na maji ya jirani. Jaliah aliandika hesabu za kufurika, Masaba akaziingiza kwenye programu. Saa tisa alasiri wakaiwasha.

Mirefu ilionekana kijani kwenye skrini, mifupi myekundu. Wekundu ulitanda haraka.

"Inakufa tena," Masaba alinong'ona.

"Subiri."

Pembeni kabisa, vidimbwi vitatu vilikuwa bado kijani. Vikawa kumi. Vikawa mia. Kizazi cha elfu moja kikapita, cha elfu tano kikapita, na kijani kikazidi kusambaa. Jaliah alipiga vigelegele. Janepher, karani wa ofisi ya pili, aliingia mbio na ufagio mkononi.

"Nyoka yuko wapi?"

"Hakuna nyoka! Zinaishi!" Jaliah alimkumbatia, ufagio na yote.

Walirudia mara thelathini. Mara ishirini na sita molekuli ziliishi. Lakini wiki iliyofuata Masaba alimpokea akiwa mnyonge, makala zilizochapwa zikiwa mezani.

"Madam, wenzetu waliliona jambo hili miaka mingi iliyopita."

Jaliah alizisoma palepale, kidole kikifuata mistari. Uso wake ukazidi kung'aa.

"Kwa hiyo ni kweli! Watu wako mbali huko, hatujuani, na sisi tumefika palepale kwa miguu yetu!" Akageuza ukurasa. "Haya, vidimbwi vyetu mbona havikauki? Jua liko wapi? Weka jua, Masaba. Weka na mvua."

Sasa huenda Mbale kila Jumatatu. Safari iliyopita walivikausha vidimbwi mara mia, na ikatokea minyororo mirefu kuliko yote waliyowahi kuiona. Kwa nini, hawajui bado. Jaliah ana kurasa kumi na moja za hesabu, ana dhana mbili zinazopingana, na Jumatatu anaiona inachelewa mno.