Yake Nani?

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, siku niliyosimama katika mahakama ya Koboko nikiwa binti mbichi, sijui hata mikono niiweke wapi. Mkalimani wao alikuwa kitandani na malaria. Hakimu alikuwa mgeni, mtu wa kusini, Kiswahili chetu hakukisikia. Karani akauliza mjini ni nani amemaliza shule na Kiingereza chake kimenyooka, akaelekezwa nyumbani kwa mjomba wangu, nilikokuwa nimekuja kutembea.

Lakini ngoja kwanza. Kiingereza hicho sikuzaliwa nacho. Kwetu ni Oli, Arua, na shuleni nilifundishwa na mwalimu mmoja wa Pajulu, mzee mpole aliyevaa koti hata kwenye jua. Siku moja niliandika insha kumhusu mama yangu, nikaandika kwamba “he” anauza mihogo, “he” anaamka mapema. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, kisha akaniangalia.

“Fatna, mama yako iko mwanaume?”

Darasa likaangua kicheko. Nililia, sikufichi. Yeye akangoja ninyamaze, ndipo akasema: “Kiswahili kinakusamehe. Baba ni yeye, mama ni yeye. Kiingereza hakisamehe. Kabla ya kuandika kiwakilishi, tafuta jina linalowakilishwa. Ni mwanaume au mwanamke? Mmoja au wengi? Mtu au kitu? Na msomaji naye alijue jina hilo, asibahatishe.”

Akanionyesha jambo jingine ambalo hadi leo nalistaajabia. Sisi tukisema “shamba lake”, lile “lake” linalitazama shamba. Mwingereza akisema “his” au “her”, anamtazama mwenye shamba. Tangu siku hiyo kila kiwakilishi nilichoandika nilikichorea mshale kurudi kwenye jina lake. Mshale ukikosa pa kwenda, nilifuta sentensi nzima. Mkunje samaki angali mbichi. Mimi nilikunjwa mapema.

Basi, turudi Koboko. Kesi ilikuwa ya shamba la Midia. Taban alikuwa amefariki, akamwacha mjane, Sawia, na watoto wadogo. Dada yake Taban, Hawa, alisema shamba ni lake, kaka yake alimpa kabla ya kufa. Sawia alikana. Hawa akamleta shahidi, Mzee Kenyi, jirani aliyekuwapo siku ndugu hao walipozungumza.

Mzee akasimama, akakohoa. “Mimi nilikuwa pale. Taban aliita dada yake, alisema shamba iko yake.”

Hawa akatabasamu. Sawia akainamisha kichwa. Mimi nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikisema “his”, shamba ni la marehemu, watoto watalilima. Nikisema “hers”, mjane atafungasha vyombo. Neno moja tu, na mzee hakulifafanua.

“Mbona umenyamaza?” hakimu akauliza. “Tafsiri.”

Nikamgeukia. “Mheshimiwa, neno alilosema linaweza kuwa la mwanaume au la mwanamke. Sijui anamtaja nani. Naomba ruhusa nimuulize.”

Hakimu akaweka kalamu chini. “Muulize.”

“Baba, shamba iko yake nani?”

“Yake. Si nimesema?”

“Yake Taban ama yake Hawa? Taja jina, baba.”

Mzee akamtazama Hawa, akatazama sakafu. Nadhani alikuja akitumaini neno lile litamridhisha Hawa bila yeye kumsingizia marehemu. Mwisho akasema polepole: “Yake Taban. Aliambia dada yake, usiguse shamba ya watoto yangu. Taban alikuwa mutu yangu. Siwezi kumudanganya akiwa kaburini.”

Hawa alipiga kelele, akanyamazishwa. Nami nikatafsiri kila neno, na jina la Taban nikalitaja wazi. Sawia alibaki na shamba. Hakimu akamwambia karani, mbele yangu, “Huyu binti mwite tena,” nami nikaitwa tena na tena, miaka mingi, hadi nywele zikawa nyeupe. Hadi leo nikipita Midia msimu wa mihogo, watoto wa Taban hawaniachi niende mikono mitupu. Naona fahari, mwanangu, na sioni haya kusema hivyo.

Kwa hiyo nakuusia. Jifunze sarufi kwa moyo, usiseme ni mambo ya mtihani tu. Kila kiwakilishi kipe jina lake. Ukisikia “wao wamesema”, uliza wao ni akina nani. Usipojua, usikisie hata kama wakubwa wanakuharakisha. Kuuliza si ujinga. Mungu akupe sikio la kusikia vizuri na ulimi usiomdhulumu mtu, na popote utakaposimama kusema kwa niaba ya mwenzio, akusimamie. Amina.