Bajaji ya Saengda haibanduki langoni mwa hekalu

Jua la alasiri linauchoma mji wa Chiang Mai, na bajaji nyekundu ya Saengda inasimama tena mbele ya lango lenye majoka mawili ya saruji.

"Dada, hapa si tulikuja asubuhi?" anauliza abiria wake, Orathai, mwalimu mstaafu aliyetoka Bangkok kuzuru mahekalu ya mji mkongwe.

"Asubuhi uliona mbele. Nyuma je?"

"Na jana ulinionyesha nini, paa?"

Saengda anacheka, lakini macho yake yamo ndani ya ua. Mikono haitulii. Anafuta kioo kisafi, anakaza skrubu iliyokaza, anafuta tena.

Kwa miaka kumi na minne mama huyu mjane amewazungusha wageni mahekaluni, baht mia tatu kwa nusu siku. Siku hizi kila safari yake inaishia hapa, na wateja wameanza kulalamika.

Sababu ni Intha, mwanawe wa pekee. Mvua zilipoanza alinyoa nywele akawa mtawa kwa miezi mitatu, kama wafanyavyo vijana wengi wa hapa. Kesho muda unakwisha. Wiki iliyopita mama alipomuuliza atatoka lini, alijibu, "Tutaona."

"Tutaona! Hilo nalo jibu?" Saengda anafoka. "Tangu siku hiyo usingizi sina. Na kumkataza siwezi, ni dhambi. Lakini nyumba ile nikae na nani, na paka?"

"Basi ingia umuulize," anasema Orathai. "Mimi hekalu hili nimeshalikariri. Twende!"

Wanamkuta Intha anafagia majani. Saengda anapiga magoti mbele ya mtoto aliyemzaa, anaunganisha viganja. Shingoni mwa kijana pana upele wa joto. Mkono wa mama unanyanyuka, kisha unarudi chini haraka. Mwanamke hamgusi mtawa, hata kama amemzaa.

"Unalala vizuri, mheshimiwa?"

"Nalala, mama. Vizuri kuliko nyumbani." Anaacha kufagia. "Mama, sitoki. Nisamehe."

Saengda anainama hadi paji la uso linagusa ardhi. Anapoinuka, kope zimelowa.

Nje, haiwashi bajaji mara moja.

"Nimeumia, nisikudanganye," anamwambia Orathai. "Na najivunia vilevile. Sijui vinakaaje pamoja tumboni."

Mpango anao tayari. Kila alfajiri watawa hupita mitaani na bakuli zao wakipewa chakula, na kila mmoja hula alichowekewa. Mtaa wa Saengda haumo njiani mwao, kwa hiyo kuanzia kesho atapika mapema na kwenda kuwangoja kwenye kona ya soko la maua.

"Intha pilipili hali tangu mdogo, inamtoa machozi," anasema. "Wenzangu watamjazia tu, hawajui. Wacha wampe yao. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni."