Timu ya Barafu ya Baba Brigid

Mimi niliolewa na mtu mbishi, hilo nalikubali. Lakini hakuna aliyenionya kwamba ubishi wake siku moja utafika hadi kwenye barafu. Mume wangu Kituyi ni msimamizi wa vijana wa kubeba magunia kwenye stoo ya mahindi hapa Eldoret. Alizaliwa Kimilili, akaja huku kutafuta kazi akiwa kijana, na barafu pekee aliyowahi kuishika ni ile inayoganda kwenye friji ya dukani kwa Macharia. Sasa ana timu ya hoki ya barafu, ule mchezo wa kuteleza na magongo. Iko ndani ya simu. Na simu yenyewe ni yangu, kwa sababu yake ni ile ndogo ya kubonyeza.

Wacha nieleze vizuri, maana mtu akisikia juu juu atafikiri mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Tuna binti, Brigid, kifungua mimba wetu. Alipokuwa shule ya upili alikuwa na miguu myepesi, na baba yake akaona hapo ndipo pa kutokea. Hapa mtaani kwetu Yamumbi ukiamka mapema unapishana na wakimbiaji barabarani, na ukitembea mchana unaona majumba waliyojenga. Kituyi akasema, kwani hao wamezaliwa na miguu mitatu? Mbukusu wa Kimilili pia anaweza kukimbia! Basi akaanza kumkimbiza mtoto. Asubuhi mlimani, jioni mlimani, yeye nyuma na baiskeli akipiga kelele. Mtoto akisema, "Baba, nyonga inaniuma," anajibiwa, "Huo ni uvivu unakuuma." Mpaka mfupa wa nyonga ukapata ufa kweli, Brigid akalazwa hospitali, na mbio zikaishia hapo. Unafikiri mzee aliomba msamaha? Thubutu! Alisema mbele ya wageni kwamba mtoto hakuwa na moyo wa mchezo. Brigid alikuwa jikoni, akasikia kila neno.

Alisoma, akapata kazi ya kutunza wazee huko Kanada, akaenda. Kila Jumapili baada ya kanisa ananipigia. Mimi. Habari za baba yake haulizi. Na huyu naye simu ikilia anatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe ni mmoja, na amefungwa. Miaka inaenda, nywele zetu zinakuwa nyeupe, na mimi nimebaki katikati kama mkalimani wa watu wasioongea. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu kwa Mungu: hawa wawili wazungumze kabla mmoja wao hajaitwa.

Ndiyo maana siku moja Brigid aliponitumia ujumbe niliona kama maombi yamejibiwa. Aliandika kwamba yeye na wenzake wa kazini wana ligi ya mchezo wa simu, kila mtu anasimamia timu yake ya hoki ya barafu, anachagua wachezaji na kuwapanga, na mechi zinajicheza zenyewe. Yeye ndiye mkubwa wa ligi. Nafasi moja imebaki. "Mwambie Baba, kama anataka." Nilikuwa kwenye cherehani yangu, maana kazi yangu ni kushona sare za shule, na nilisoma hilo neno Baba mpaka nikashona zipu ya sketi ya mwanafunzi upande wa mbele. Ilibidi nifumue.

Nilijua nikimwambia Kituyi kwamba ni Brigid amemwita, atakataa kwa kiburi. Lakini nikijifanya ni jambo lingine, atanigombeza baadaye. Nikamwambia tu ukweli. Alimaliza chai yake, kisha akasema, "Lete hiyo simu nione." Ai! Nilimpa kabla hajabadili nia.

Furaha yenyewe ilikuwa fupi. Kujiandikisha tu karibu kuvunje ndoa. Inataka imeli, hana imeli, tukaweka yangu. Inataka neno la siri, yeye anaandika jina lake, inakataa. Anaandika tena jina lile lile, kwa kubonyeza zaidi. Inakataa. "Hii simu yako ina dharau," ananiambia. Tukafika jina la timu. Simba imechukuliwa. Chui imechukuliwa. Akaandika Yamumbi FC. Nikamwambia FC ni ya mpira wa miguu, akaniuliza kama mimi ni mwenye ligi. Bando la intaneti likaisha hapo hapo, tukaanza upya.

Hatimaye akapewa wachezaji, vijana wa majina ya kuvunja ulimi. Kituyi hakuhangaika. Aliwapa majina ya vijana wake wa stoo. Golikipa, ambaye kwa picha amevaa kama godoro lililosimama, akawa Opiyo. Yule mwenye nguvu zaidi akamwita Mabonga. Alimpenda huyo Mabonga kuliko ng'ombe.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Kwenye hoki ya barafu, wanaocheza uwanjani ni watano na golikipa. Lakini mchezo unakutaka upange vikosi vinne, kwa sababu wanabadilishana kabla hata dakika moja haijaisha, hawa wakitoka wale wanaingia. Imeandikwa wazi. Kituyi akapanga kikosi cha kwanza, watano wake hodari, Mabonga katikati. Vingine vitatu akaviacha vitupu.

"Baba Brigid, jaza na hivi vingine."

"Vya nini?"

"Hawa wapumzike."

Alinitazama kama nimetukana mama yake. "Mama Brigid, lori likija stoo, vijana wangu watano wanalipakia mpaka lijae. Nimtoe mwenye nguvu niweke mlegevu? Hiyo ni akili?"

"Lakini hawa wanakimbia dakika sitini!"

Akatoka hadi kwenye ua. Jirani yetu Chebet alikuwa upande wa pili akiwapa kuku chakula. Chebet alikimbia marathoni zamani, na hadi leo kila asubuhi anapita hapa akikimbia kama anayefukuzwa na mbwa. Kituyi akamuuliza kwa sauti ili nisikie, "Chebet, mtu akikimbia dakika sitini ni lazima apumzishwe?"

Chebet akacheka. "Dakika sitini? Mzee, hiyo ni kupasha mwili tu. Saa hiyo ndiyo mtu anaanza kuamka."

Akarudi ndani kifua mbele. "Umesikia mtaalamu?"

"Chebet anakimbia barabarani! Hawa wako kwenye barafu!"

"Barafu inateleza. Ni rahisi hata zaidi."

Haki ya Mungu. Unamjibu nini mtu kama huyo? Hapa kwetu ukimwambia mtu kwamba kuna binadamu wanaochoka kabla ya dakika moja kuisha, anafikiri wanaumwa. Simu ikamuuliza kwa maandishi mekundu kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

Mechi ya kwanza wakafungwa kumi na nne bila. Ya pili, zaidi. Kando ya kila jina la mchezaji kuna mstari wa kuonyesha nguvu zilizobaki. Mwanzo ulikuwa kijani, ukawa njano, ukawa mwekundu. Nikamwonyesha. "Angalia, wote wamekuwa wekundu."

"Hiyo ni damu imechemka," akasema. "Wamekasirika. Kesho utaona."

Kesho yake tukaona, wakafungwa tena. Mabonga alipewa adhabu, akakaa kwenye kile kiboksi chao cha wakosaji, na Kituyi akamtetea kama wakili. Mimi nina sare za shule za kumaliza, mwalimu mkuu ananipigia, na mtu wangu mzima amekaa hapo ananiuliza mbona Mabonga anaonewa na refa wa ndani ya simu!

Ndipo ukaja ujumbe kwenye kisanduku cha mchezo. Ulitoka kwa mkubwa wa ligi. "Baba, jaza vikosi vingine. Wapumzishe wachezaji wako."

Nilimsomea mara mbili. Ni Brigid, amemwandikia baba yake moja kwa moja, si kupitia kwangu. Nikangoja. Kituyi akakuna kidevu, akasema, "Mwambie timu ni yangu."

"Mwambie mwenyewe!"

Na akaandika! Mtu ambaye hajawahi kumaliza ujumbe wa maneno mawili, siku hiyo kidole kikawa kipya. "Timu ni yangu." Akatuma. Yaani hayo ndiyo maneno aliyoona yanafaa kumwambia mtoto baada ya miaka yote hiyo. Nilikuwa nasonga ugali, na nakwambia kweli, mwiko ule ulikuwa karibu kupaa.

Jumapili Brigid akapiga. Nilisikia sauti yake imepungua. "Mama, mwache tu. Wenzangu wanauliza kwa nini timu ile haipangwi. Kuna mwingine anataka nafasi. Mwezi ukiisha nitampa."

"Brigid, mvumilie kidogo."

"Nilimvumilia, Mama," akasema. "Hata huu mchezo nilikuwa najaribu tu kama atanisikiliza. Sitajaribu tena."

Nilikata simu nikalia kwenye kitambaa cha mteja. Kituyi alikuwa nje kwa ng'ombe. Nilimwambia yote aliporudi, kwamba atafukuzwa kwenye ligi na mtoto anafunga mlango. Alisema ni sawa, kama hawataki watu wanaojituma basi wabaki na ligi yao. Lakini hakulala mchana huo kama kawaida yake.

Halafu Mabonga akaumia. Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula, mvua inapiga mabati. Nikasikia Kituyi anasema "Woi!" nikafikiri amepokea habari za msiba. Akanionyesha simu nisome. Ilisema Mabonga ameumia na hatacheza tena msimu huu.

"Kijana mzuri hivi," akasema, na uso wake ulikuwa umeanguka kweli. "Si angesema amechoka? Angesema tu, ningemtoa. Mtu anaumia mpaka anavunjika bila kusema?"

Basi. Kitu ndani yangu kilikatika. Nilitupa mkasi mezani.

"Alisema! Ule mstari mwekundu ulikuwa unasema nini? Simu ikakuuliza kama una hakika, mkeo akakwambia, mtoto akakuandikia! Wote tumesema! Na Brigid naye alisema, Kituyi. Kila jioni alisema, hapo hapo mlangoni, ameshika nyonga. Ulimwita mvivu. Leo unamlilia mtu wa picha!"

Sikuwa nimewahi kumwita mume wangu kwa jina lake ana kwa ana. Nilidhani atanijibu, au atatoka nje. Alikaa tu, simu mkononi, akitazama ule mstari wa Mabonga.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, vikosi vingine vinajazwa wapi.

Nikamwonyesha. Akaanza kuwaweka mmoja mmoja, wale walegevu aliokuwa amewadharau, na vidole vyake vinene vya magunia vinakosea jina, anarudi, anaanza tena. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Nikarudi kwenye cherehani yangu lakini sikushona kitu. Alipomaliza cha nne akauliza kile kisanduku cha kuandikia kinafunguliwa vipi.

"Unataka kuandika nini?"

"Wewe fungua tu, mama."

Nikafungua, nikakaa karibu naye. Aliandika, "Nimewapumzisha." Akatuma. Nikafikiri amemaliza, nikanyoosha mkono nichukue simu. Hakuiachilia. Akaandika tena, polepole, huku midomo yake ikitamka kila herufi.

"Wewe sikukupumzisha."

Akatuma hilo pia, akaweka simu mezani uso chini na kuisukuma mbali.

Sikuwa na hasira tena. Nilikuwa nimepiga hesabu ya saa za huko, nikajua ni asubuhi, labda yuko kazini anamwogesha mzee wa mtu, labda ataona jioni, labda hatajibu. Nikainuka kuweka chai motoni.

Simu ikalia kabla sijawasha jiko. Kituyi hakuondoka kwenye kiti. Aliitazama ikitetemeka mezani, akanitazama mimi, na nikaona anaogopa. Nikambonyezea, nikaweka spika, nikamsogezea.

"Brigid," akasema.

"Baba."

Namjua mume wangu, najua alikuwa anatafuta mahali pa kuanzia na hapaoni. Nilitaka kumfinya. Akakohoa.

"Ile nyonga," akasema. "Bado inakuuma?"

"Inauma kukiwa na baridi, Baba."

"Na huko baridi inakuja mwezi gani?"

Nikaisogeza simu karibu naye zaidi.

"Karibu mwaka mzima, Baba."