Maji ya Samaki

Watu wa ploti yetu, safu ya vyumba vya kupanga pale Kianda, Kibera, walikuwa wakinicheka tangu kabla ya uchaguzi. Mtu wa kutoka ziwani, walisema, anaweka samaki ndani ya nyumba halafu hawali. Jirani yangu wa ukuta wa pili, mama aliyeuza chai na chapati kwenye kona, ndiye aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote. Kila akipita mlangoni kwangu na birika lake aliuliza, "Hizo samaki bado hazijaiva?" Nami nilimjibu kwamba zikiiva atakuwa wa mwisho kualikwa.

Lilikuwa tangi la kioo, refu kama meza ya sebuleni, na ndani yake niliweka kipande cha bahari. Kulikuwa na matumbawe yaliyo hai, mengine kama vidole, mengine kama uyoga, yanayofunguka mchana na kujikunja usiku. Kulikuwa na kamba mmoja mdogo wa baharini na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Kazi yangu ilikuwa kuosha matangi kama hayo katika nyumba za matajiri na katika mahoteli. Tumbawe likivunjika huko hutupwa, na mimi nilikuwa nikiomba vile vipande, nikivileta nyumbani ndani ya chupa. Maji ya bahari nililetewa kutoka Mombasa na dereva wa basi tuliyesoma naye, mtungi mmoja leo, mwingine mwezi ujao. Ilichukua miaka. Mke wangu alisema kwamba bidii ile ningeiweka kwenye kitu kingine tungekuwa tumeshahama Kibera, na pengine alisema kweli. Lakini ukiingia ndani ya kile chumba cha mabati, ukafunga mlango, ukawasha taa ya tangi, ulisahau mtaro uliopita nje. Nililipenda lile tangi. Sina namna nyingine ya kusema.

Krismasi mke wangu na watoto walikwenda nyumbani ziwani, nami nikabaki nipige kura. Matokeo yakatangazwa, mtaa ukawaka moto, barabara zikafungwa, wakakwama huko. Muda si muda stima nayo ikapotea. Wengine walisema transfoma imechomwa, wengine walisema tumekatiwa makusudi ili tushikishwe adabu. Sababu haikunihusu. Nilisikia pampu ikinyamaza, na nikajua nimeisha.

Maji ya tangi la aina ile hayafai kutuama. Pampu ndiyo huyazungusha yapate hewa. Ikisimama, samaki huja juu wakitweta, na matumbawe hujifunga na kutoa ute, na moja likioza huoza na wenzake. Nilichukua mwiko nikaanza kukoroga. Nilikoroga mpaka mkono ukafa ganzi, na bado wale wawili walikuwa juu, midomo wazi.

Yule mama akachungulia. Hakuwa na la kufanya. Unga haukupatikana madukani, na wateja wake ama walikuwa barabarani wakirusha mawe ama walikuwa wamejificha chini ya vitanda. Alisimama mlangoni ameshika kiuno.

"Sasa hiyo ni nini unafanya? Unasonga ugali?"

"Naweka hewa, mathe."

"Hewa haiingii hivyo. Hebu leta jagi."

Akachota maji, akainua mkono juu ya kichwa, akayamimina polepole kwa uzi mmoja mrefu, na maji yakapiga maji yakatoa povu. Ndivyo alivyokuwa akipoza chai ya wateja wenye haraka, kutoka jagi hadi jagi, bila kudondosha tone. Akarudia, akarudia tena. Baada ya muda wale samaki wakashuka chini kidogo. Nilipofungua mdomo kumshukuru aliniambia niache kusimama kama mlingoti, nitafute jagi langu.

Tangu hapo tulipokezana. Mchana alimimina yeye, usiku nikamimina mimi, na katikati tulikaa wawili kwenye vibao vyetu kila mmoja na jagi lake. Siasa hatukuigusa. Ploti nzima ilijua mimi ni wa wapi na yeye ni wa wapi, na kwamba huko nje watu wangu na watu wake walikuwa wakiwindana. Aliniuliza kama matumbawe yanasikia uchungu. Aliniambia dada yake yuko Kawangware, pale kituo cha basi cha 56, na kila siku anamwita aende huko. "Siendi," alisema. "Nyumba ukiitoka saa hii, hiyo umeaga." Alikuwa ameishi kwenye kile chumba tangu mume wake akiwa hai, na watoto wake wote walizaliwa hapo. Kitu alichokitaka katika vurugu zile zote kilikuwa ni hicho tu, kubaki kwake.

Taabu haikuwa ya mkono peke yake. Koroboi tuliizima, kwa sababu moshi wake hutua juu ya maji ukaweka utando kama wa mchuzi uliolala, na hewa haipiti. Kwa hiyo tulikaa gizani. Usiku ukiwa na baridi nilifunika tangi kwa blanketi langu, nami nikalala na koti. Mlango nao ulikuwa mtihani. Ukiufunga, matumbawe hayapati mwanga, na ukiufungua, vijana wanaopita wanaona kioo kinametameta. Niliuacha wazi kiasi cha mkono kupita, na kila niliposikia filimbi nje niliubana kwa mguu.

Kisha mifereji ikakauka. Wauza maji walikuwa wamefunga na kukimbia, na majirani wakaanza kulitazama tangi langu kwa jicho lingine. Fundi viatu wa chumba cha mwisho, mtu wa Kitui, mpole siku zote, alikuja na sufuria yake akasema si haki mtu mmoja kukalia maji yote yale na watoto wana kiu. Nikamwambia ni ya chumvi. Hakuniamini, akataka aonje. Akaonja, akatema mlangoni, akanitazama kama niliyemtukania mama yake.

"Sasa hii ni ya kazi gani?" aliuliza.

Niliona aibu, kwa kweli, na huku naona aibu mkono wangu ulikuwa unaendelea kumimina.

Yale ya vidole ndiyo yaliyotangulia kufa. Yalibadilika yakawa meupe, halafu yakaanza kunuka, ikabidi niyatoe kabla hayajaharibu mengine. Yule mama alinishikia gazeti nikayafunga ndani. Hakufanya mzaha. Alisema "pole" kwa sauti ile ya kumwambia mfiwa, nami nikamkasirikia, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na sikutaka ayaone. Ya uyoga bado yalikuwa yakifunguka. Tukaendelea kwa ajili ya hayo, na kwa ajili ya samaki.

Jioni moja, jua halijazama, filimbi zikalia karibu mno. Nikaubana mlango. Kundi likaingia kwenye kichochoro chetu, nami nikachungulia kwenye tundu la msumari. Sikuwatambua wote, na niliowatambua sikutaka kuwatambua. Mmoja tulikuwa tukiketi benchi moja kanisani. Walijua mlango walioufuata. Yule mama alikuwa nyuma yangu, jagi mkononi, na sote wawili tulisikia mafuta ya taa yakimwagwa kwenye mlango wake. Kisha wakakimbia.

Moto ulikula mlango, ukashika pazia, ukaanza kupanda boriti. Ukuta wa mabati kati yetu ukawa wa moto hata huwezi kuugusa. Nyumba zile zimeshikana. Ikienda moja imekwenda safu nzima. Watu wakatoka wakipiga kelele za maji, na maji hayakuwepo. Halafu kelele zikapungua, na nilipogeuka nikaona fundi viatu amesimama mlangoni kwangu na sufuria yake ile ile, na wengine nyuma yake. Hakuna aliyeomba. Walinitazama tu.

Aliyekataa ni yule mama.

"Hapana," alisema. "Hiyo ni maji ya samaki. Chimbeni mchanga." Alikuwa amesimama mbele ya tangi langu ametanua mikono, na nyumba yake inaungua.

Nilimsukuma, tena kwa nguvu. Nikachota ndoo ya kwanza, nikampa fundi viatu, nikachota ya pili. Watu wakajipanga mstari. Nilipofika nusu, yule mama aliacha kunishika shati, akaingiza mikono ndani ya tangi akawadaka wale samaki wawili, akawatia kwenye beseni lake la kukandia chapati pamoja na maji kidogo. Yule kamba hatukumwona tena. Sisi tulichota mpaka ndoo ikawa inakwaruza changarawe.

Moto ulizimika kabla haujashika paa. Ndani ya tangi yalibaki yale ya uyoga, yamelala hewani, yakichuruzika ute. Niliketi sakafuni nikalia mbele ya watu. Hata niliporudi kazini baadaye, nikiosha matangi ya wengine, sikuwahi kulia hivyo tena, na namshukuru Mungu.

Asubuhi mlango wake ulikuwa mweusi, na juu ya weusi ule chumvi ilikuwa imekauka ikawa vumbi jeupe. Wenye ploti wakaja kuzungumza naye. Hawakumfukuza. Walimwomba aondoke kwa ajili ya usalama wa wengine, na mimi naona hilo ni baya zaidi, kwa sababu mtu akikufukuza unaweza kumtukana. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akaenda kufunga godoro. Mkokoteni ulipofika, aliingia kwangu mara ya mwisho, akachota maji ya beseni na kuyamimina humo humo, akanikabidhi jagi.

"Mkono ukichoka, badilisha mkono," aliniambia.

Nilibadilisha mkono. Nilibadilisha mara nyingi. Lakini maji yalikuwa kidogo na yamechoka, na mabasi ya Mombasa hayakuwa yakija. Samaki mmoja alikufa kesho yake, na mwenzake akamfuata kabla ya jua kutua.

Stima ilikuwa imerudi yule mama alipopiga simu. Alisema dada yake hajambo, na kwamba huko 56 ameshapata kona ya kuuzia chai ingawa wateja ni wa kubahatisha. Kisha akaniuliza.

"Na samaki zako, ziko aje?"

"Ziko sawa, mathe. Zinakula."

Akacheka kidogo, kicheko cha kuridhika.

"Na ile nyumba yangu? Kuna mtu ameingia?"

Upande wa pili wa mabati mpangaji mpya alikuwa akipigilia misumari kwenye mlango mpya. Niliiziba simu kwa kiganja, nikangoja nyundo itulie.

"Bado," nikamwambia. "Iko tu vile uliiacha."